Misalaba ya Kamangu

Kila Alhamisi, jua likianza kuinama, Subira alitoa kanzu ya mume wake sandukuni, akaikung'uta, akaianika uani ipigwe na upepo. Kisha alitia makaa kwenye pasi, akayapuliza mpaka yakaiva, akatandika blanketi kuukuu juu ya meza, akaanza kuipiga kanzu ile pasi. Alianza na mikono, akaja kifua, akamalizia mgongo. Halafu aliikunja, akaweka majani ya mrehani kati ya mikunjo na kuirudisha sandukuni. Hakuna aliyeivaa. Assumani, mwenye kanzu, alichukuliwa na askari wa Leta, serikali ya Wabelgiji, vita vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha punde, na tangu siku hiyo kanzu yake ilizeeka kwa kufuliwa na kupigwa pasi tu. Ilikuwa imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Mwanamume akirudi kwake akute nguo safi," alisema mama mkwe wake, Bibi Fatuma, juma lile lile la kwanza. Neno hilo halikubadilika.

Alhamisi moja, mwaka ule Wazungu walipokuwa na maonyesho yao makubwa huko Ubelgiji, pasi ilikuwa bado iko begani mwa kanzu honi ya kamyo ilipolia mbele ya nyumba. Subira alishtuka. Kamyo ya pamba haikuwa na kawaida ya kupita mtaa wao, tena saa za alasiri. Aligeuza shingo kuchungulia, na aliporudi kutazama mezani harufu ya kuungua ilikwisha kumfika puani.

"Hodi! Shemeji, zima huo moto. Leo hakuna pasi."

Aliyeingia alikuwa Bulaimu, dereva wa kamyo, mtoto wa mdogo wake Bibi Fatuma. Alikuwa amejaa vumbi jekundu kichwani mpaka kope.

"Umegonga tena mbuzi wa watu?" Subira aliuliza, huku akikunja bega lililoungua upande wa ndani.

"Yule mbuzi alijigonga mwenyewe. Mama mukubwa iko wapi?"

"Iko ndani, anatawadha."

"Muite. Na wewe ukae."

Subira hakukaa. Bibi Fatuma alitoka na maji yakimtiririka kwenye viwiko, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye hata alipokuwa amechoka alisimama kama mtu anayesubiri kujibu. Bulaimu alivua kofia yake.

"Mama mukubwa, ile kambi ya Kamangu wameifungua."

"Waliifunga. Sasa wameifungua tena? Wamekamata nani?"

"Hapana. Wameifanya nyumba ya ukumbusho. Mize, ndivyo Wazungu wanavyoita. Wageni wao wakitoka Leopoldville wanapelekwa pale kutazama. Na sisi weusi tunaruhusiwa, siku ya Jumamosi. Mimi kesho napanda kule kuchukua pamba. Nimesema niwapitie."

Bibi Fatuma hakuuliza ukumbusho wa nini. Aliingia ndani, akasali, na alipotoka alikuwa ameshika kikapu. "Kamata kuku yule mweupe," alimwambia Subira. "Hatuwezi kwenda kumtafuta mutu mikono mitupu."

Kamangu ilikuwa ng'ambo ya mto Luama, mbele ya Kabambare. Leta waliijenga kuweka watu wa relege, yaani wale walioondolewa kwao na kutupwa mbali bila kesi wala hukumu, kwa kuwa tu waliogopwa. Kosa la Assumani lilikuwa dhikri. Yeye na wenzake wa Twarika, chama chao cha dini, walikutana kila mkesha wa Ijumaa, wakapiga dufu na kutaja jina la Mungu hadi wakatoka jasho, na mtu fulani akapeleka maneno kwamba wale wanaapa kuwafukuza Wazungu. Wakachukuliwa. Kambi ilipofungwa wale wa Kasongo, mji wao Assumani, waliokuwa hai walirudi wamekonda, meno yamepungua. Wote walisema neno moja: Assumani tulimwacha ndani ya nyumba ya wagonjwa, sisi tulihamishiwa shambani, hatukumwona tena.

"Mgonjwa hupona," Bibi Fatuma aliwajibu. "Labda wamempeleka kambi nyingine."

Mwalimu wa msikiti, mtu mpole asiyependa ugomvi wa wanawake, alishauri njia ya upole. Mama na mke wakikubaliana kwamba mtu wao amekufa, hitima itasomwa, Subira akae eda miezi minne na siku kumi, mambo yaishe. Lakini mama alikataa. Alisema hajaona maiti wala kaburi, naye hamwombolezi mtu aliye hai. Basi Subira akabaki hapo katikati. Hakuwa mke, kwa kuwa hakuna mume. Hakuwa mjane, kwa kuwa hakuna kifo. Kwenye harusi wanawake hawakujua wamketishe upande gani.

Na kilichomchosha kuliko yote kilikuwa macho yake mwenyewe. Kila machozi yalipomjia, akiwa anatwanga au anafua, Bibi Fatuma aliyaona hata akiwa amempa mgongo. "Unamlilia mutu muzima? Unataka kumwua kwa machozi yako?" Kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo, hilo kila mtu alilijua. Basi Subira alifuta macho na kusema ni moshi. Alisema ni moshi hata siku za mvua ambazo jiko lilikuwa baridi.

Siri yake moja, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba alikuwa akiomba aonyeshwe kaburi.

*

Waliondoka alfajiri. Subira na mama mkwe walikaa mbele pamoja na Bulaimu, kuku mweupe akiwa miguuni, na nyuma magunia matupu ya pamba yakipepea. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila kamyo ilipozama Bibi Fatuma alisema "Bismillahi," na kila ilipoibuka Bulaimu alisema "Asante, Mama mukubwa, umetutoa."

"Unaona nacheka?" Bibi Fatuma aliuliza.

"Hapana, lakini ungecheka kidogo kamyo ingekuwa nyepesi, tungefika mapema."

Walilala Kabambare kwa ndugu wa Bulaimu. Wenyeji walikuwa wakulima, Wakristo, watu wakarimu. Waliwapikia sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki, wakampa Bibi Fatuma kitanda chao. Kuku yule hawakukubali kumpokea. "Mpelekeeni mnayekwenda kumwona," mama mwenye nyumba alisema kwa wema. Subira alitazama chini. Asubuhi walivuka Luama kwa kivuko cha kuvutwa na kamba, na jua likiwa bado halijawa kali wakafika Kamangu.

Aliyewapokea alikuwa kijana aitwaye Michel, kaptura nyeupe, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alisema Kifaransa kidogo kwa kuwakaribisha, kisha akaona nyuso zao, akarudi kwenye Kiswahili.

"Karibuni, mama. Hapa ndipo Leta ilipowaweka watu waliopotea njia, ikawafundisha kazi. Tutaanza na nyumba ya kulala."

Nyumba ya kulala ilikuwa na vitanda vya miti vilivyopangwa sawasawa, kila kimoja na blanketi jipya la kijivu lililokunjwa kwa pembe. Ukutani kulikuwa na picha za Wazungu wenye masharubu. Majembe yalitundikwa kwa ukubwa wake, yamepakwa mafuta, yanang'aa. Pembeni kulikuwa na sanamu ya mtu iliyojazwa pamba, imevaa kanzu na kofia, imekalishwa kitako na kupewa kitabu magotini.

Bibi Fatuma aligusa blanketi la kitanda cha kwanza, akalisugua kati ya vidole.

"Hii haijalaliwa na mutu," alisema.

"Ni mfano, mama."

"Mwanangu alipokuwa hapa mlimpa ya namna hii?"

Michel alikohoa. "Mimi niliajiriwa baada ya kambi kufungwa, mama. Nasema nilivyofundishwa kusema."

"Umefundishwa vizuri. Na huyu iko nafanya nini?" Alielekeza kidevu kwenye sanamu.

"Anasoma Biblia. Anajifunza."

"Na kanzu na kofia?"

"Walisema avae hivyo ili wageni wajue alikuwa Mwarabu."

Bulaimu aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Bibi Fatuma aliitazama sanamu kwa muda, halafu, kwa sauti ile ile anayosalimia nayo jirani, akaiambia, "Pole, baba." Akatoka nje.

Subira alibaki nyuma kidogo. Alikuwa amekuja tayari kuumia, na nyumba ile haikumpa hata la kumuumiza. Alitafuta mahali ambapo mtu halisi angeweza kuwa ameegemea, alama ya kisigino, masizi ya taa, jina lililochongwa, lakini kuta zilikuwa zimepigwa chokaa mpya mpaka kwenye nyufa. Alijiona mzito kama gunia lililonyeshewa. Safari yote hii, aliwaza, kuja kutazama vitanda.

"Wagonjwa walikuwa wapi?" alimuuliza Michel. Sauti ilimtoka ndogo hata akalazimika kurudia.

"Ile nyumba ilibomolewa, mama. Ilikuwa na kunguni. Lakini makaburi yapo. Twende, yametengenezwa vizuri."

Yalikuwa nyuma, kwenye mteremko, nyasi zimefyekwa. Safu moja baada ya nyingine, na kwenye kila kaburi msalaba wa mti uliopakwa rangi nyeupe, yote sawa, yote mipya, kama wanafunzi waliopangwa kwa ajili ya mkaguzi. Bibi Fatuma alisimama mwanzo wa njia. Alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, midomo ikitembea. Kisha akainua mikono miwili.

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi Rabbi! Bulaimu, tazama! Misalaba! Misalaba mitupu!"

"Naona, Mama mukubwa."

"Hakuna wetu hata mumoja hapa! Walikufa Wakristo tu, Mungu awarehemu, lakini wetu hakuna. Si nilisema? Si nilisema huyu mutoto hajafa?"

Bulaimu alifungua mdomo, akamtazama Michel, naye Michel akatazama soksi zake. Bibi Fatuma alikuwa ameshaanza kutembea kati ya safu, mwepesi ghafula kama msichana, akiihesabia misalaba shukrani.

Subira alimfuata taratibu. Alipita safu ya kwanza na ya pili, na alipofika mwisho kabisa, karibu na vichaka, akasimama.

Makaburi ya pale hayakufuata mstari. Mengine yote yalilala yakifuata njia, lakini haya machache yalikuwa yamegeuzwa, yamekatiza upande, kama watu waliokataa kulala walivyolazwa. Misalaba iliyowekwa baadaye ilipangwa kwa kamba moja na mingine, ili iwe sawa machoni, kwa hiyo hapa haikusimama kichwani mwa kaburi. Ilisimama ubavuni. Ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa watu.

Subira hakuhitaji kuuliza yamegeuziwa upande gani. Tangu utoto wake alikuwa amesimama nyuma ya safu za wanawake akielekea upande huo. Makaburi yale yalielekezwa kibla.

"Hawa," alimuuliza Michel kwa kunong'ona, "walizikwa na nani?"

Michel alimtazama bibi kizee aliyekuwa mbele, akashusha sauti. "Na wenzao. Wazee wa kijiji wanasema watu wa Kasongo hawakukubali mutu wao azikwe na mwingine. Wakifa, wagonjwa wenzao walichimba wenyewe. Misalaba tuliletewa mwaka huu, kwa ajili ya wageni. Iliwekwa kwa wote. Niliambiwa wote." Akasita. "Samahani, mama."

Watu wa Twarika wa Kasongo walioingia kambini walijulikana kwa majina. Waliorudi walijulikana, na kati ya walioachwa nyumba ya wagonjwa hakurudi hata mmoja. Subira hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi ni nani aliyelala pale.

Alipoinua macho alimwona Bibi Fatuma akirudi kwa njia ile ile, uso bado umejaa furaha. Alipofika kwenye yale makaburi ya mwisho hatua zake zilipungua. Akasimama. Akainama, akavua ndara zake, akazishika mkononi, akapita hapo miguu mitupu, polepole, mpaka alipomaliza.

"Kijiwe kimeingia," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha akavaa tena. "Twendeni. Huyu kuku tutamrudisha nyumbani, mwenyewe hayuko."

*

Kivuko kilikuwa ng'ambo waliporudi mtoni, na watu wa kamba walikuwa wamekwenda kula. Magunia ya pamba yalikuwa yamejaa nyuma ya kamyo mpaka yakatoa tumbo. Ikabidi kungoja. Bulaimu alilala chini ya gari, kofia usoni. Chini ya kibanda cha majani palikuwa na mwanamke mmoja muuza ndizi, jina lake Marcelline, mwenye mdomo mwepesi, na Bibi Fatuma alimpata msikilizaji.

"Misalaba mitupu, dada yangu. Kutoka huku mpaka kule. Mwanangu hayumo."

"Mungu ni mwema, Mama. Basi iko wapi?"

"Watakuwa wamempeleka mbali. Huko jimbo la Ekwateri. Au Salamabila, kwenye dhahabu, wanawatumia watu mle."

"Salamabila ni karibu, Mama. Angerudi hata kwa mguu."

"Labda mguu unamuuma," alijibu Bibi Fatuma, na Marcelline akaitikia, "Labda," akamchagulia ndizi iliyoiva sana.

Subira alikaa pembeni, juu ya jiwe, mgongo ameupa mto. Uchovu ulikuwa umemwingia kwenye mifupa. Alijaribu kufikiri juu ya njia ya kurudi, mashimo, Kabambare, na baada ya hapo Alhamisi, na Alhamisi nyingine, na hakuona mwisho wake. Machozi yakaanza kushuka yenyewe, bila sauti, yakiangukia mapajani mwake, naye hakuinua mkono kuyafuta.

"Subira." Bibi Fatuma alikuwa amekwisha kumwona. "Unalia nini?"

Subira aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Ni moshi?"

Marcelline alitazama huku na huku akitafuta moshi huo. Hapakuwa na jiko wala kijinga, ila maji tu.

"Leo siku ya furaha unamlilia mutu muzima? Tumetoka kuona kwa macho yetu kwamba hayuko pale!" Bibi Fatuma alisimama. Sauti yake ilikuwa imepanda, lakini ilikuwa na ufa. "Au unalia kwa kuwa hayuko? Sema. Wanawake wote wa mtaa wanajua fundi Faradji anakushonea nguo bila kukupima. Kama unataka kuolewa, sema, usinifiche kwa machozi. Wewe bado una nguvu. Utafungasha sanduku lako, utakwenda. Mimi nitabaki na kuku."

"Mama mukubwa," Bulaimu alisema kutoka chini ya gari, "huyo Faradji ana jicho moja, hata akimpima atakosea."

Bulaimu alitoka, akajifuta magoti, akabaki ameshika kofia.

Subira alisimama. Alikuwa mwanamke asiyepaza sauti, hata sokoni wauzaji walimwambia "unasemaje?" mara mbili. Alimkaribia mama mkwe wake mpaka wakawa uso kwa uso, akaona kwamba vidole vya miguu vya bibi kizee bado vilikuwa na udongo wa makaburi.

"Mama, pale mwisho ulivua ndara."

"Nilisema kijiwe."

"Yale makaburi yameelekezwa kibla, Mama. Umeyaona. Na mimi nimeyaona. Misalaba wameichomeka juu tu."

Bibi Fatuma alishusha mkono wake wenye ndizi, na Marcelline akanyoosha wake, akaichukua ile ndizi kimya, kama mtu anayempokea mwenziwe mzigo.

"Ukiniambia hajafa, nitasema ndiyo Mama, kama siku zote," Subira aliendelea. Maneno yalimtoka moja moja, kwa shida, kama ndoo inayovutwa kisimani. "Lakini nimechoka. Nimechoka kusema ni moshi. Sitaki kuolewa, si na Faradji, si na mwingine. Siendi popote, nitakaa na wewe mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Nataka eda kwa sababu moja tu, Mama. Nataka kumlilia mume wangu. Sijamlilia hata siku moja. Niruhusu nimlilie Assumani, tena kwa sauti, na wewe ulie na mimi."